Shingo ya Mzee Shekigenda

Sogeeni karibu, lakini msinibane. Hadithi ya leo ninayo kichwa na kiwiliwili. Mkia sina, mtautafuta nyinyi. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Na yule mwenzetu mwenye tabia ya kujibu kabla hajaulizwa, leo namwomba ajifunge mdomo mpaka nimfungue mwenyewe.

Walikuwepo watu watatu Korogwe, mtaa wa nyuma ya soko, na kila mmoja alijaliwa kipawa chake.

Kidawa binti Mbwana alijaliwa macho. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sura, mwepesi wa kusoma. Ukimwekea filamu yenye maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, alisoma mstari mara moja tu, na kabla haujafutika alikuwa amekwisha kukupa Kiswahili chake. Tena si Kiswahili cha kubabaisha. Mtu akitukana kwenye kioo, Kidawa alikutafutia tusi linalolingana, ila la kusemeka mbele ya wakwe.

Mhina alijaliwa sauti. Kazi yake ilikuwa kunadi mitumba siku za mnada, na ndani ya koo lake waliishi watu saba: kikongwe, askari, bibi harusi, mlevi, yeyote unayemtaka. Akiiga sauti yako, mama yako mzazi angeitika.

Chambuso alijaliwa masikio. Alikuwa fundi redio, na ndiye mwenye banda la video lenye mabenchi kumi na mawili. Huyu alijua kuitoa sauti ya kitu kwa kitu kingine. Mfupa ukivunjika kwenye filamu, kwake ulikuwa muwa. Kisu kikiingia mwilini, lilikuwa papai lililoiva. Akiichapa kanga mbichi ukutani, unasikia kofi na unajishika shavu.

Watatu hawa walikuwa wakitia filamu Kiswahili. Siku za Alhamisi wanarekodi, Jumamosi saa kumi jioni watu wanajaa bandani. Na kazi yenyewe mnaijua. Mtafsiri wa bandani hatafsiri tu. Watu wa kwenye kioo huwapa majina yetu, huwagombeza, huwaombea dua, huwatia midomoni habari za mtaani. Asiyeweza manjonjo hayo watu humwita kasuku, wakaenda banda la jirani.

Mwaka ule waliletewa anime, zile katuni za Kijapani ambazo si za watoto, inaitwa Bonde la Visu. Sehemu kumi na mbili. Kijana mmoja, ambaye wao walimwita Kipanga, anakatiza bonde zima kumtafuta muuaji aliyemaliza ukoo wake. Basi, hadithi yote ni hiyo.

Ilikuwa nzuri? Nzuri, tusiidhulumu. Kila mtu aliyepigana mle alikuwa na mapigano yake, mguu unaona umekanyaga ardhi kweli, upepo unauona kwenye nguo. Kipanga na rafiki yake wanagawana tonge moja la wali mvuani, halafu rafiki anakufa, na watu wazima bandani wakaanza kusingizia vumbi machoni. Ilikuwa na ubaya? Nao ulikuwepo, tusiufiche. Damu ilimwagika kama bomba limepasuka, hata pale ambapo kofi lingetosha. Wanawake sita waliingia, wote sita wakauawa kabla ya sehemu ya tano, ili mwanamume fulani apate hasira. Watu wawili wakishikana mapanga, kwanza wahutubiane, muda huo ungeweza kuchemsha maharage yakaiva. Na juu ya yote, kila aliyetoka bandani alinung'unika neno lile lile: yule muuaji hana sababu. Anaua tu. Nani alimkosea?

Lishikeni hilo neno la sababu, tutalirudia.

Sasa huyo muuaji alijifunga aproni ya ngozi, akabeba visu viwili vipana vya kukatia nyama, na kila kabla hajaua alikohoa mara mbili. Mara mbili, si zaidi. Alipotokea kwa mara ya kwanza, sehemu ya pili, Kidawa aliusoma mstari, jina lake la Kijapani likamshinda, akacheka. Akasema, "Huyu mbona Mzee Shekigenda mtupu."

Mzee Shekigenda alikuwa muuza nyama pale sokoni. Ujana wake wote ulipita kwenye kiwanda cha katani, katika chumba cha kusugulia nyuzi, na vumbi la mle likamkaa kifuani, ndiyo maana kabla ya kusema neno alikohoa mara mbili. Alikuwa pia mchinjaji wa mtaa. Harusi yake, hitma yake, Idi yake. Na kwa kawaida ya mtaa ule mchinjaji halipwi: hupewa shingo ya mnyama, nzima, naye huipeleka kwa amtakaye. Nusu ya nyumba za pale zilikwisha kula shingo kutoka kwa mzee huyu, ikiwemo nyumba ya marehemu Mbwana, baba yake Kidawa.

Basi Kidawa ndiye aliyelitaja jina.

Mhina ndiye aliyekohoa. Aliposikia jina tu, koo lake likamtafuta mzee na kumpata, kikohozi chenyewe, kile kikavu chenye kuvuta mwishoni. Watu watatu wakaangua kicheko mpaka kurekodi kukasimama.

Chambuso ndiye aliyeleta kisu. Kesho yake alikwenda buchani na simu mfukoni, akasimama kama mteja, akamwomba mzee amnolee kisu. Mzee akanoa. Chambuso akasema mlio wake anaupenda, naomba tena, mzee akafurahi akanoa mara ya pili na ya tatu. Mlio ule ukaingizwa kwenye filamu, kila muuaji anapokaribia.

Jumamosi banda lilicheka hadi benchi moja likavunjika. Mzee Shekigenda mwenyewe alikuwepo, mstari wa mbele, akicheka huku anajipangusa macho. "Mmeniua vijana," alisema wakati anatoka. "Hata mke wangu atanikimbia." Na mimi nikiwa nasimulia hapa nasema kweli: kama ingeishia siku ile, hakuna ambaye angekuwa amekosa.

Lakini sehemu zilikuwa kumi na mbili. Ya tatu, Shekigenda wa kwenye kioo alimuua mama mjamzito. Ya nne alichoma ghala likiwa na watu. Kila wiki anazidi, na kila wiki jina ni lile lile, kikohozi kile kile, kisu kile kile. Watu waliofuatwa na muuaji mle walikuwa na tabia ya kujishika shingo kwa mikono miwili. Pakazuka mchezo mtaani: Mzee Shekigenda akipita, watu wanajishika shingo. Walianza watoto wa shule, wakafuata wauza mchicha, wakaja mpaka watu wenye ndevu zao. Mzee aliacha kukaa mstari wa mbele. Kisha akaacha kuja.

Ikafika sehemu ya saba. Hapa naomba masikio yenu yote.

Katika sehemu ya saba yule muuaji anakaa kwenye ukingo wa kisima, anaosha visu vyake, na anasema. Dakika nzima na nusu anasema, peke yake. Kidawa alisoma mistari yote. Muuaji alisema kwamba zamani alikuwa mchinjaji wa kijiji, mtu wa kuitwa kwenye sherehe. Mwaka wa njaa wakaja askari, wakamwambia awachinje majirani zake kama anavyochinja ng'ombe, la sivyo watateketeza nyumba yake na watoto wake watatu ndani. Akachinja. Nao wakaiteketeza vilevile. Aliingia kuwatoa, hakumkuta hata mmoja wa kutoa, na kilichobaki ni ule moshi kifuani, unaomkohoza mara mbili kila anapoinua kisu, ili asisahau.

Mhina alikuwa mbele ya maiki, anangoja. "Anasemaje?"

Kidawa aliona njia mbili. Akiyasema haya, kicheko kimekufa, na watu watatoka Jumamosi vichwa chini. Akinyamaza, banda litajaa tena kama lilivyojaa wiki sita. Akajibu, "Anajisifu tu hapo. Wewe kohoa, jaza jaza mwenyewe."

Mhina akajaza. Dakika moja na nusu ya kikohozi na vituko vya mifupa kuuzwa kwa bei ya steki. Watu walicheka kuliko wiki zote. Ile sababu waliyoililia ilipita mbele ya macho yao kwa Kiingereza, nao hawakuiona. Na aliyeimeza hakumwambia mtu, si Mhina, si Chambuso. Wale Wajapani tuliowalaumu hawakuwa na kosa hilo. Kosa lilikuwa la Kidawa.

Tangu siku ile hakulala vizuri, ila alijiambia ni katuni tu.

Wiki nne baadaye mdogo wake Kidawa, Saumu, aliolewa. Mbuzi wawili walifungwa uani. Kidawa alimuuliza mama yake, "Mzee Shekigenda ameambiwa aje saa ngapi?"

Mama yake alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Nimemwita mchinjaji wa kule Manundu. Huyu wetu akiingia hapa wageni watajishika shingo, harusi igeuke sinema. Mnajua wenyewe mlivyomfanya."

Kidawa alichuchumaa akachambua mchele naye. Angeweza kusema, na hakusema.

Asubuhi ya harusi, yule mtu wa Manundu ameshamlaza mbuzi wa kwanza, Kidawa alitoka kumwaga maji akamkuta Mzee Shekigenda kwenye uwazi wa ua. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kisu chake amekizungushia kitambaa cheupe, amekikumbatia mkononi kama mtu aliyebeba msahafu. Hakuitwa, lakini kwake hilo halikuwa jambo la kuitwa, maana ndiye aliyechinja harusi ya baba na mama wa nyumba ile. Alimtazama mbuzi, akamtazama mchinjaji mgeni, akaelewa.

"Shikamoo, mzee," Kidawa alisema.

Mzee alikohoa mara mbili. "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita tu kutoa hongera." Akakigeuza kile kisu, akakificha nyuma ya kanzu, akaondoka kwa njia ya nyuma ambako hakuna watu.

Na wakati ule, nyuma ya Kidawa, wasichana waliokuwa wanamenya vitunguu walijishika shingo wakacheka. Kidawa aliingia chooni akalia mpaka wakamgongea. Aliona aibu ya kuwatazama wageni, aliona aibu ya kula ile nyama, na kila aliyempongeza kwa harusi alihisi anamsuta.

Jumatatu yake bucha la Mzee Shekigenda halikufunguliwa. Wala Jumanne. Siku ya Jumatano Kidawa aliwaendea wenzake chumbani kwa Chambuso, kati ya redio zilizopasuliwa.

"Mzee amerudi kutoka mlangoni kwetu na kisu chake," alisema. "Na bucha amefunga."

Mhina alicheka kidogo, kwa mazoea, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Mimi sikumtaja," alisema. "Wewe ndiye uliyesema ni Shekigenda mtupu."

"Na wewe ndiye uliyekohoa."

"Na kisu?" Mhina akamgeukia Chambuso. "Kisu nani alikirekodi?"

Chambuso alikuwa ameshika bisibisi, akaiweka chini. "Mimi. Alininolea mara tatu. Alidhani namsifia."

Wakakaa hivyo, kila mmoja anatazama kidole chake. Hatimaye Kidawa akasema, "Tumebakiwa na sehemu ya mwisho. Tusiionyeshe kwanza. Turudie ya saba."

"Ya saba ina nini?"

"Nimeitazama tena." Akaiokota bisibisi ya Chambuso. "Kuna maneno pale kisimani. Yalipita upesi, sikuyashika."

"Wewe? Yakupite wewe?" Mhina alishangaa, lakini hakuuliza zaidi, kwa sababu alimwamini.

Basi waliifanya kazi ya kutengeneza walichoharibu, na kila mmoja alitoa chake.

Kidawa alitoa maneno. Aliyakalia siku tatu, akatoroka ofisini mapema mara mbili, akayapima kama mtu anayepima dawa. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka Kiswahili chake kikawa kizito kama kile cha kwenye kioo. Neno moja halikuachwa. Muuaji alipata jina jipya ambalo si la mtu yeyote wa mtaani, na alipata sababu yake.

Mhina alitoa kikohozi. Jumamosi ile, banda limejaa, watu wanapiga benchi wanataka Shekigenda wao, alisimama mbele ya kioo bila maiki. Akasema, "Kikohozi kile nilikiiba kwa mtu mzima anayeniita mwanawe. Sitakitoa tena. Na kuanzia leo sitaiga mtu aliye hai." Walimzomea. Mmoja alimrushia ganda la karanga. Alisimama hadi wakachoka, kisha filamu ikaanza, na maneno ya kisimani akayasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo hata wenzake walikuwa hawaijui, kwa kuwa hakuwahi kuitumia. Na nusu ya mnada wake, mnajua, ilikuwa ni kuiga watu. Mpaka leo akinadi suruali watu wanamwambia ameishiwa.

Chambuso alitoa mlio. Aliufuta kwenye mashine yake, sehemu zote, akafuta na kazi ya miezi mitatu iliyoshikamana nao: miwa, mapapai, kanga, vyote. Kisha akazunguka. Kibanda kwa kibanda, stendi nzima, kila aliyenakili kwenye flashi, kila mwenye simu. "Naomba nifute." Wengine walimfukuza, akarudi kesho. Mwanamke mmoja muuza chai alikataa mara nne, mara ya tano akachoka kumwona, akampa simu. Miguu ilimvimba. Kwa sababu hesabuni wenyewe: maneno ya Kidawa yangekuwa mazuri kiasi gani kama kicheko cha zamani bado kinaimba kwenye kila simu ya mji?

Bandani siku ile, muuaji alipofika kwenye moshi na watoto watatu, hakuna aliyekohoa wala aliyecheka. Kulikuwa na kimya ambacho Chambuso hakuwa amekitengeneza. Mama muuza mtama, mtu wa maneno makali, alisema kwa sauti, "Kumbe alikuwa mchinjaji wa harusi." Watu walitoka wakiwa wametazama chini, kama vile Kidawa alivyoogopa watatoka, na wengine walikuwa wanaona haya hata kusalimiana.

Kesho yake mama yule alikwenda nyumbani kwa Mzee Shekigenda, akagonga, akasema anataka nyama na hataki ya mtu mwingine. Mzee akamwambia bucha limefungwa. Akasema atangoja, akakaa kizingitini. Saa moja baadaye wakaja wawili. Bucha lilifunguliwa siku ya tatu.

Mikono haikushuka yote siku moja, nisiwadanganye. Lakini ilishuka. Na Idi ya kuchinja ilipofika, msikiti wa mtaa ulimtuma mtu, na mtu huyo alikwenda kwa Mzee Shekigenda kumwomba achinje ng'ombe wa mtaa. Alichinja. Wakampa haki yake, shingo nzima, ya dume la ng'ombe, imenona.

Sasa ndiyo tunaingia kwenye fumbo lenu.

Saa sita mchana sinia lilifika chumbani kwa Chambuso, limefunikwa kawa. Aliyelileta alikuwa mke wa mzee. Akasema, "Mzee anawasalimu. Anasema hii ni ya yule mmoja aliyemrudishia jina lake. Nyinyi wenyewe mnajua ni nani, yeye hajui. Msiikate mkagawana, tangu azaliwe hajaona shingo ya mchinjaji ikigawanywa, huenda nyumba moja. Akishaswali alasiri atapita amjue mtu wake, amshike mkono." Akaaga akaondoka.

Watatu wakalitazama sinia.

Mhina alianza, kama ilivyo kawaida yake. "Sitaki unafiki. Aliyezomewa ni mimi. Aliyeacha riziki ni mimi. Hayo maneno bila koo langu yangebaki kwenye daftari." Akaiona akilini ile kanzu ya asubuhi ya harusi, ambayo hakuwepo wakati inaondoka, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kikohozi kilikuwa changu. Nile vipi shingo yake na koo hili hili?"

Chambuso alisema, "Kama ni jasho, basi ni mimi, tazama miguu. Bila mimi lile jina lingekuwa linaendelea kuua kwenye simu mpaka leo." Kisha naye akatikisa kichwa. "Lakini alininolea mara tatu akiwa anatabasamu. Mate yatapita wapi?"

Wakatazamana, halafu wote wawili wakamgeukia Kidawa.

"Ni yako," alisema Chambuso. "Sisi tulifuta na kuacha. Wewe peke yako ndiye uliyeleta kitu ambacho hakikuwepo."

"Kweli kabisa," Mhina alisema. "Kama usingerudi kuitazama ya saba, nani angeyaona yale maneno? Sote tulikuwa tumeyapita. Chukua sinia, dada Kidawa. Tena ni haki, maana hata marehemu baba yako aliletewa."

Kidawa alikumbuka sinia la siku ile, yeye ana miaka minane, baba yake anamchagulia mnofu laini wa shingo huku anamwambia, hii anapewa mtu ambaye mzee amemridhia. Aliufungua mdomo. Mistari ya kisimani ilikuwa yote kichwani, kwa Kiingereza, jinsi alivyoisoma siku ile ya kwanza, kwa utulivu, mstari mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mmoja uliompita. Akisema, wenzake watajua kwamba alichokileta ndicho alichokificha, na kwamba wao walitubu dhambi ya mzaha na yeye ana dhambi nyingine ambayo haikuwa mzaha. Na mzee atajua. Mzee ambaye leo, kwa mara ya kwanza tangu harusi, amevaa kanzu yake ya pasi. Akinyamaza, atakula.

Lakini pia, bila yeye kurudi, nani angerudi? Hilo nalo ni kweli, msilikanyage.

"Mbona hulishiki sinia?" Mhina aliuliza.

Nje adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo. Nyama haiwezi kukaa hadi kesho kwa joto lile. Kwenye uchochoro zilisikika ndara zinaburuza, zikaja, zikasimama mlangoni. Mtu akakohoa mara mbili, kikavu, cha kuvuta mwishoni, na safari hii hakuwa Mhina.

"Hodi wanangu," alisema Mzee Shekigenda. "Haya, nani nimshike mkono?"

Mimi nimefika mwisho wa yangu. Yule niliyemfunga mdomo, sasa nimemfungua, na wengine wote pia. Shingo ni moja, haikatwi. Mhina aliyezomewa, Chambuso aliyevimba miguu, Kidawa aliyerudisha maneno: mkono wa nani uingie kwenye mkono wa mzee? Na siri ya Kidawa tunaijua sisi tuliokaa hapa, basi. Kama ungekuwa ndani ya chumba kile, ungemnyooshea nani kidole? Na kama Kidawa angekuwa ni wewe, ungesema, au ungekula?

Jibuni upesi. Mzee amesimama, na hajakaribishwa hata kiti.